Nakala ya tafuliae: nyuzi ngapi, urefu gani, na mbona kombe inapasuka nikitoboa?

FundiShanga
Habari zenu wadau. Kikundi cha utamaduni hapa Nairobi kinaandaa maonyesho ya mahari za watu mbalimbali, na wameniagiza nakala ya tafuliae, ile pesa ya kombe, yaani magamba ya baharini, ya kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon. Ina nyuzi ngapi, na urefu gani? Pia, nikitoboa vipande vya kombe kwa drili ya umeme vinamomonyoka upande wa chini, hasara tupu. Halafu wanataka meza hiyo hiyo iwe na duara la pesa za Watolai na bangili za Kula (si kula chakula, ni jina la mzunguko wa kupeana zawadi kati ya visiwa), vyote chini ya kibao kimoja cha "Pesa". Hilo limekaa sawa?

PimaMoja
Karibu, fundi. Tafuliae ni nyuzi kumi sambamba, urefu takriban pima moja, yaani ncha ya vidole hadi ncha ya vidole ukinyoosha mikono yote miwili. Kila baada ya sehemu fulani nyuzi hupita kwenye kijiti bapa chenye matundu kumi, ndiyo maana hazisokotani. Zamani vijiti hivyo vilitengenezwa kwa gamba la kasa au mti. Wewe tumia mti au pembe ya ng'ombe. Gamba la kasa usiliguse hata ukiletewa la zamani, ni kesi mahakamani.

Rangi zina mpangilio. Nyekundu inatoka kwa kombe iitwayo romu, nyeupe kwa kakadu, nyeusi kwa kurila. Romu ndiyo ghali kupita zote, na wingi wa nyekundu ndio unaopandisha hadhi ya tafuliae. Kama romu huna, mfupa wa ng'ombe uliotiwa rangi unatosha kwa nakala, mradi kibao kiseme wazi kwamba ni mfupa.

Piga hesabu kabla hujakubali bei. Shanga yenye unene wa milimita 2 kwenye uzi wa mita 1.8 ni shanga 900. Nyuzi kumi ni shanga 9,000, na hapo hujahesabu zitakazovunjika.

JiweNaMaji
Nijibu la kutoboa. Kombe imejengwa kwa matabaka. Ncha ya drili ikikaribia kutokeza upande wa pili, tabaka la mwisho halina cha kuliegemeza, linabanduka na kipande cha ukingo. Toboa hadi nusu, geuza, malizia kutoka upande wa pili. Chini weka ubao laini, drili iende polepole, na kipande kiwe na maji muda wote ili kisishike moto. Keekee ya asili ya Langalanga, watengenezaji wa pesa hizi huko Malaita, ile ya kusukumwa juu na chini kwa mkono ikiwa na ncha ya jiwe gumu, haina kasi ya kuunguza kombe.

Lakini nashuku tatizo lako kubwa ni mpangilio wa kazi. Mafundi wengi wa hapa hukata shanga ikawa mviringo kamili, ndipo watoboe. Kule ni kinyume. Kombe hupasuliwa kwa nyundo, vipande humeguliwa kingo viwe mviringo wa kukadiria tu, husuguliwa bapa pande zote mbili, kisha hutobolewa vikiwa bado vikubwa kuliko vinavyotakiwa. Baada ya hapo hutungwa kwenye uzi, uzi unavutwa ukakaza juu ya ubao, na shanga zote husuguliwa kwa pamoja kwa jiwe lenye mfereji, na maji. Faida ni mbili. Tundu lina nyama ya kutosha kulizunguka wakati wa kutoboa, na hata likiwa limekaa pembeni kidogo, usuguaji unafuata uzi, hivyo shanga inaishia na tundu katikati. Pitisha vidole kwenye uzi: ukihisi ngazi kati ya shanga na shanga, bado.

Ukibahatika kupata romu halisi, vipande hupashwa kwenye jiwe la moto ili wekundu ukolee. Ukizidisha, vinapauka na kuvunjika kama chokaa. Na vaa barakoa, vumbi la kombe ni baya kwa mapafu.

Henzirani
Hicho kibao kimoja kitawapotosha watazamaji. Pesa ya Watolai inaitwa tabu. Hao ni watu wa upande wa Rabaul, kisiwa cha New Britain, Papua Guinea Mpya. Tabu yenyewe ni magamba ya konokono wadogo wa baharini. Mgongo wa gamba hukatwa, kisha magamba hutungwa kwenye utepe mwembamba wa henzirani na kupimwa kwa pima. Vipande vifupi vinanunua popoo na chakula sokoni, sambamba na kina, sarafu ya taifa. Lile duara kubwa, loloi, ni jambo jingine: linaweza kubeba mamia ya pima, hufungwa kwa majani na kuwekwa. Mwenyewe akifa ndipo linafunguliwa, linakatwa, na waombolezaji wanagawiwa. Kwa hiyo weka duara likiwa limefungwa, na kipande kifupi kando yake.

Bangili za Kula, mwali, ziondoe kabisa chini ya neno "Pesa". Katika visiwa vya Milne Bay, huko huko Papua Guinea Mpya, mwali huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, na mikufu myekundu, soulava, huzunguka upande mwingine. Mtu hupokea, hukaa nayo kwa muda, kisha humpa mshirika wake wa kisiwa kingine. Hainunui viazi vikuu. Biashara ya kubishania bei ipo, inaitwa gimwali, nayo haichanganywi na Kula.

FundiShanga
Asanteni sana. Bangili za Kula nitaziombea meza yake. Tafuliae niilaze kwenye kioo au niitundike?

PimaMoja
Itundike kwenye mti uliolazwa mlalo, ndivyo inavyoonyeshwa wakati wa kutoa mahari, watu wahesabu kwa macho. Kibao kitaje pia fidia na upatanisho, kwa sababu Malaita tafuliae hulipa hayo pia. Kabla hujafunga mafundo ya mwisho, itundike kwanza ukaangalie vile vijiti: kikiinama upande mmoja, kuna uzi mfupi, ongeza shanga hapo.