Barafu ya Aktiki (bahari ya ncha ya kaskazini) ikiisha, nani ana haki ya kuzipangia meli masharti?

Mwambao: Wakuu, hili linaninyima usingizi. Kifungu cha 234 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinaipa nchi ya pwani haki ya kutunga sheria zake dhidi ya meli zinazochafua ndani ya maili 200 za baharini kutoka pwani yake, lakini pale tu ambapo barafu imetanda sehemu kubwa ya mwaka. Kanada na Urusi wanakitegemea sana. Sasa Septemba 2012 barafu ya bahari ilibaki kama kilomita za mraba milioni 3.4, haijawahi kushuka hivyo tangu satelaiti zianze kuipima 1979. Je, miezi ya barafu ikipungua na ile haki inakufa? Mimi nasema isife. Barafu yenyewe inayeyuka, bahari inapanda, visiwa vinazama, halafu tuwaachie wenye meli wapite wanavyotaka?

Tanga Huru: Mkuu sheria ni yale yaliyoandikwa, sio huruma. Barafu ikitoka kifungu hakina pa kukanyaga. Mlangobahari unaounganisha bahari mbili na unaopitiwa na meli za kimataifa ni njia ya wote, Mahakama ya Kimataifa ilishasema 1949 kwenye kesi ya Corfu, ya Uingereza na Albania. 1985 Marekani wakapitisha meli yao Polar Sea kule kaskazini mwa Kanada bila kuomba ruhusa na dunia haikuisha.

Kipimajoto: Subirini kwanza. Mwambao, barafu inayoelea baharini ikiyeyuka HAIPANDISHI bahari. Tia vipande vya barafu kwenye glasi ya maji, weka alama ya kalamu pembeni, subiri viyeyuke. Maji yanabaki pale pale. Mtu unaanzisha mjadala wa bahari hujui hata hili?

Mwambao: Kwa hiyo mimi ndo mjinga? Greenland ile barafu haijakaa juu ya ardhi? Ikiyeyuka maji yanaenda wapi, mbinguni?

Kipimajoto: Ulisema barafu ya bahari. Usihamishe goli.

Zohali: Na wewe Kipimajoto hujamaliza. Barafu ya bahari haina chumvi nyingi kama maji inayoelea juu yake, kwa hiyo ikiyeyuka inapandisha, ila kidogo mno. Glasi yako ilikuwa na maji matamu pande zote.

Kipimajoto: Kidogo mno sio kuzamisha visiwa dada yangu.

Baharia Mstaafu: Wanangu mnagombania glasi. Mimi nimefanya kazi melini kwenye maji ya baridi. Upepo ukipiga, rasharasha za mawimbi zinaganda kwenye kila chuma, sitaha, kamba, mnara wa antena, usiku kucha mnagonga na nyundo za mbao mpaka mikono haihisi kitu, maana mkiacha meli inakuwa nzito juu na inaweza kupinduka. Barafu ikishakatika vipande vinatembea na upepo, asubuhi njia iko wazi, jioni imeziba. Kile kifungu kinataja pia hatari kwa meli, sio kuhesabu miezi peke yake, na meli ndo zinazidi kuingia. Kanuni za meli za ncha za dunia zilizoanza 2017 zinataka mkiacha meli muwe na uwezo wa kuishi siku 5 kabla ya kuokolewa. SIKU TANO. Mnadhani waliweka hiyo kwa sababu gani?

Tanga Huru: Mzee shikamoo, nakuheshimu, ila hizo kanuni unazozitaja ni za dunia nzima. Ndo hoja yangu! Tukishakuwa na za wote, za Kanada peke yake za nini? Na hao walinzi wa mazingira mbona Urusi inatoza pesa meli zikisindikizwa na meli zake za kuvunja barafu? Huo ni ulinzi au biashara?

Zohali: Meli ya kuvunja barafu inatembea kwa maombi? Huduma inalipiwa kokote.

Tanga Huru: Basi angalia mafuta mazito yanayoendesha meli. Marufuku yake kule Aktiki ilianza Julai 2024, lakini nchi za pwani zimeachiwa kuzisamehe meli zenye bendera zao mpaka 2029. Mafuta yale yale, bahari ile ile, ila bendera yako ikiwa ya mwenye pwani unaweza kupita. Nijibuni hilo.

Mwambao: Hilo linaniuma na mimi, silitetei. Huo msamaha ufutwe. Ila usiutumie kuiondoa sheria yote. Mafuta mazito yakimwagika kwenye baridi ile yanakuwa kama lami, yanaingia chini ya barafu, hakuna wa kuyazoa.

Kipimajoto: Sawa, ila ile sentensi ya visiwa hujairekebisha.

Mwambao: Nimekosea kuhusu barafu inayoelea. Haya. Sasa nijibu swali langu, haki inakufa au haifi?

Kipimajoto: Mimi niliingia kwa ajili ya glasi tu.

Tanga Huru: Inakufa.

Baharia Mstaafu: Mwanangu wewe hujawahi kushika ile nyundo.