Ndugu yetu alipotelea Palma, Msumbiji, 2021, hatuna maiti wala kaburi. Tusome hitima au tusubiri?

Mwana_Chikongola
Habari zenu wana Kusini, naomba ushauri wa kweli. Mtoto wa mama yangu mkubwa alikuwa Palma anauza nguo na simu, si mnakumbuka kipindi kile mradi wa gesi umechangamka vijana kibao walikuwa wanavukia mpakani Kilambo kwenda kutafuta. Tarehe 24 Machi 2021 mji ulivyovamiwa na waasi akatuma meseji kwamba risasi zinalia wanakimbilia porini, basi, mpaka leo kimya. Sasa wajomba wanataka hitima isomwe na mikorosho yake igawiwe, mama mkubwa hataki hata kusikia, anasema hajaona mwanae amekufa. Mkewe yuko katikati, mke si mke, mjane si mjane. Na mimi kinachonimaliza ni vidio, kila ikiletwa vidio ya Cabo Delgado, jimbo lenye Palma, kwenye grupu naifungua naanza kumtafuta kwenye maiti, naisimamisha naivuta karibu, usiku silali. Mliopitia haya mlifanyaje?

Njomba_Newala
Pole sana njomba. Hayo magrupu toka leo leo, usisubiri kesho. Hata kijiji cha Kitaya huku kwetu Mtwara walivyovamiwa Oktoba 2020 picha zilikuwa zinazunguka ovyo, mtu anafowadi anaona katoa taarifa. Sisi habari ya kifo ina utaratibu wake, anatumwa mtu mzima, anakaa kwanza, wanaitwa wa karibu ndo anasema. Sasa hivi msiba unamkuta mtu yuko peke yake na simu. Kama lazima vidio zitazamwe, atazame mwingine asiye ndugu.

Ustadhi_Mikindani
Sala ya ghaibu, yaani ya maiti asiyekuwepo, anaswaliwa ambaye kifo chake kimethibiti. Huyo wenu hajathibiti, hukumu yake ni ya mtu aliyepotea, na anayehukumu ni kadhi siyo wajomba. Nendeni BAKWATA mkoa muonane na kadhi mumweleze. Akihukumu kuwa amefariki ndo mkewe anakaa eda miezi 4 na siku 10, na ndo mirathi inaanza, kabla ya hapo mikorosho isiguswe. Lakini dua haisubiri hukumu, hata Alhamisi hii mnaweza kukaa mkamwombea, awe hai awe amekufa. Mwambieni mama hivyo hivyo, nadhani hatakataa.

Bi_Nanyamba
Wazazi wangu walivuka Ruvuma kumkimbia Mreno, nimekua nikisikia habari ya Mueda, kule kule Cabo Delgado. Tarehe 16 Juni 1960 askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika pale kwa mtawala, walikufa wangapi watu wanabishana mpaka leo. Ila wenyewe hawakunyamaza, tarehe ile wanakusanyika, na miaka mingi wakawa wanaliigiza tukio, huyu mtawala, hawa askari, wale wanaoanguka. Utotoni nilikuwa naona ni kujitonesha kidonda, lakini wale walilia pamoja. Meli ya Spice Islander ilivyozama 2011 kule Nungwi serikali ilitangaza maombolezo siku 3, aliyepotelewa akajua nchi nzima inalia naye. Huyu wa Palma analiliwa na nyumba moja tu, tena kwa kujificha, maana ukisema mwanao yuko ng'ambo ya mto watu wanaanza kuuliza alifuata nini, eti asije akawa ni mmoja wa hao waasi. Mama mkubwa wako kabeba na hilo nakwambia. Tafuteni nyumba nyingine zilizopotelewa, zipo nyingi huku mpakani, ombeni dua pamoja.

Kijana_wa_Masasi
Mi sikubaliani na haraka ya wajomba hata kidogo. Wengine walikimbilia Pemba ya Msumbiji kwa maboti, wengine walikaa porini siku nyingi, familia zimetawanyika kwenye makambi. Redi Krosi wana kazi hiyo ya kutafuta watu waliopotezana vitani, ya Tanzania inawasiliana na wenzao wa Msumbiji. Mshapeleka jina?

Mwana_Chikongola
Hapana, hatukujua kama kuna kitu hicho, tulikuwa tunaulizia kwa madereva na wavuvi tu. Bi Nanyamba umesema kweli kabisa kuhusu maneno ya watu, ndo maana mama mkubwa alihama mtaa. Ijumaa nitamfuata shehe. Hao Redi Krosi wanataka picha au jina linatosha?

Kijana_wa_Masasi
Jina kamili na majina ya wazazi, umri, alikokuwa anaishi Palma, alionekana wapi mwisho na alikuwa na nani. Picha kama ipo peleka. Na mama mkubwa aende mwenyewe kama anaweza, yeye ndo anamjua.