Kupika nyumbani siku za kazi na bado kuandika mapishi: naomba ushauri

MamaWatatu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa shikamooni.

Naomba ushauri wa vitendo. Tuko watu 5, Dar: watu wazima wawili, watoto wa miaka 11, 7 na 3. Wazazi wote tunafika nyumbani saa 12 na nusu jioni, na mdogo anatakiwa awe amelala saa 2 na nusu. Jiko ni la gesi la plate mbili, friji ina friza ndogo juu, msaidizi hatuna. Chakula chetu ni cha kawaida: maharage, wali wa nazi, ugali na mboga, kisamvu, samaki. Pamoja na hayo naandika mapishi ya nyumbani kwa wasomaji, pishi moja kwa wiki, na wiki ikibana hilo ndilo la kwanza kuachwa.

Kipi kipikwe Jumapili na kipi kingoje siku yenyewe? Nikigandisha wali na mchuzi wa nazi, wali unakauka na mchuzi unakatika. Na kuandika nikuweke saa ngapi?

Kombo_Jikoni

Karibu dada. Usipike milo ya wiki nzima Jumapili. Pika vile tu vinavyokula muda: maharage, kisamvu, rosti ya nyanya, tui. Wali, ugali, mchicha na samaki havifiki nusu saa, na vikilala vinapoteza ladha. Kwa hiyo kila jioni unakuwa na kitu kimoja kilichoiva tayari na kimoja cha kupika hapohapo. Plate mbili zinatosha.

Naanza na maharage maana ndiyo yanayowashinda wengi. Kilo 1 makavu ukishayachemsha yanakupa kilo 2 na zaidi kidogo, makopo 4 ya mlo mmoja mmoja kwa watu 5. Yaloweke Jumamosi usiku kwenye maji lita 3. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya. Kwenye sufuria ya kawaida yanachukua saa 1 na nusu hadi 2, kwenye presha kuka dakika 15 hadi 20 tangu presha ijae. Presha kuka usiijaze zaidi ya nusu, kwa sababu povu na maganda hupanda na kuziba tundu la mvuke.

Maharage mekundu yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka kwelikweli. Yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili, 30 ni bora zaidi, ndipo upunguze moto. Wanaotumia kapu la kutunzia joto wazingatie hili sana: kuyachemsha kidogo tu na kuyafunika kapuni ni hatari, maana joto la chini haliiui sumu hiyo.

Nyanya, ndimu na ukwaju visiingie kabla hayajaiva. Uchachu huyafanya yabaki magumu hata ukiyapika mpaka jioni. Yakiiva, gandisha pamoja na maji yake, yafunikwe, na uache nafasi ya sentimita 2 juu ya kopo kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Bila maji hayo ngozi hukauka na kupasuka.

Siku ya kula, bonge lililoganda liingie moja kwa moja kwenye sufuria na nusu kikombe cha maji, funika, moto mdogo, dakika 15.

mzee_wa_gesi

Weka magadi tu, dada. Maharage yanaiva haraka na gesi inapona.

Kombo_Jikoni

Mkuu, magadi yanafanya kazi, sikatai, lakini yana gharama. Yanaharibu vitamini B1, na yakizidi maharage yanakuwa ujiuji wenye ladha ya sabuni. Kama ni ya zamani na hayaivi kabisa, weka robo kijiko cha chai kwa kilo kwenye maji ya kulowekea, kisha yamwage maji hayo. Ila dawa yenyewe iko sokoni: chagua yanayong'aa, ya msimu mpya. Yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu hufifia rangi na kujikunja, nayo hayalainiki vizuri kwa njia yoyote. Usichanganye mapya na ya zamani, nusu itaiva na nusu itabaki mawe.

Shangazi_Pangani

Mwanangu, marahaba. Nikujibu la nazi.

Gandisha tui, mchuzi usiugandishe. Nazi 3 Jumapili zinatosha. Kabla ya kukuna onja kipande cha kila nazi, maana moja iliyovunda inaharibu zote. Kuna kwa mbuzi au katakata utie kwenye blenda na maji ya uvuguvugu, kikombe 1 kwa kila nazi. Maji yanayochemka hayafai, na ya baridi hayakamui mafuta yote. Chuja, hilo ndilo tui zito. Rudia na vikombe 2 kwa kila nazi, hilo jepesi. Tui zito lijaze kwenye trei za barafu, likiganda hamishia mfukoni. Likiyeyuka utaliona limejitenga, mafuta huku na maji kule. Halijaharibika. Likoroge kwenye maji ya vuguvugu na litarudi.

Mchuzi wa nazi hukatika kwa sababu mbili: moto mkali baada ya kutia tui zito, na kufunika sufuria. Tui zito liingie mwisho, moto mdogo, koroga upande mmoja mpaka lichemke kidogo, epua. Ukiutia ndimu, uwe umeshaepuliwa.

Wali wa watu 5: mchele vikombe 3 vya mililita 250, karibu gramu 600. Osha, chuja. Chemsha tui jepesi vikombe 4 na nusu na chumvi vijiko 2 vya chai, tia mchele, acha wazi mpaka tui likaribie kukauka. Tia tui zito kikombe 1, geuza mara moja tu, funika. Hapo shusha moto kabisa, na chini ya sufuria weka kipande cha bati au kikaango kikuukuu, maana gesi huchoma katikati na pembeni hubaki mbichi. Dakika 12 hadi 15. Mchele mpya hunywa kidogo, punguza nusu kikombe cha tui jepesi.

Kisamvu nacho ni rafiki wa friza, pengine kuliko vyote. Chukua kilichotwangwa kilo 1, maji yakifunike, chemsha bila mfuniko kwa saa nzima. Usifunike kwa sababu sumu ya muhogo hutoka na mvuke, iache itoke. Gandisha kikiwa hivyo, bila nazi wala karanga. Siku ya kula unatia kitunguu, tui na karanga zilizosagwa, dakika 15 kiko mezani.

MamaWatatu

Asante sana shangazi, asante kaka Kombo. Je, rosti ya nyanya? Nikisaga vitunguu na nyanya pamoja kwenye blenda, inatoka chungu.

Kombo_Jikoni

Uchungu unatoka kwenye kitunguu kilichosagwa kibichi. Blenda inakipondaponda na kutoa ukali ambao hata ukipika sana hauishi wote. Nyanya ndizo zisagwe.

Kwa wiki mbili: vitunguu maji kilo 1 vilivyokatwa vyembamba, nyanya mbivu kilo 3, vitunguu saumu vichwa 2, tangawizi gramu 60, mafuta mililita 200. Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani dakika 20 mpaka viwe laini na rangi ya dhahabu. Usivikimbize, utamu wa rosti nzima unatoka hapo. Saumu na tangawizi dakika 2. Mimina nyanya zilizosagwa, pika wazi dakika 45 hadi saa 1, ukikoroga chini mara kwa mara dakika 15 za mwisho maana ndipo inaposhika. Imeiva mafuta yakielea juu na ukipitisha mwiko njia inabaki wazi kidogo. Ikiwa bado ina maji, ukiigandisha na kuiyeyusha itajitenga na mboga yako itakuwa supu.

Chumvi na bizari usitie. Rosti hiyohiyo leo ni ya maharage, kesho ya mayai, keshokutwa ya samaki, na kila moja ina viungo vyake. Tia mililita 300 kwa mfuko, lalaza mfuko uwe bapa wa unene wa sentimita 2. Bapa linaganda haraka, linayeyuka haraka, na unaweza kuvunja nusu.

Viazi usiviweke ndani ya kitu chochote unachogandisha. Vikiyeyuka vinakuwa na maji na chengachenga. Vitie siku ya kula.

Fundi_Ubaridi

Wadau, mnasahau hatua inayoharibu chakula cha watu wengi: kupoza. Sufuria ya maharage ya kilo 2 ikiachwa mezani Dar inabaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na huo ndio muda bakteria wanazaliana. Na chakula kikiingia cha moto kwenye friza ndogo, kinayeyusha vya jirani. Fanya hivi: gawa kwenye vyombo vya kina kisichozidi sentimita 5, viweke kwenye beseni la maji baridi, badilisha maji mara 2, koroga. Nusu saa vimepoa. Ndani ya saa 2 viwe kwenye ubaridi, na kwenye joto la nyuzi 32 na zaidi, ndani ya saa 1.

Wali ndio wa kuogopa zaidi. Mbegu za bakteria wake hazifi kwa kupikwa, na sumu wanayoitoa wali ukilala nje haiondoki hata ukiupasha mpaka utoe moshi. Wali uliolala mezani usiupashe. Mwaga.

Umeme ukikatika: friza iliyojaa na isiyofunguliwa inashikilia karibu saa 48, iliyojaa nusu yake tu, saa 24, na friji ya kawaida, saa 4. Kwa hiyo nafasi tupu zijaze chupa za maji. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu yake, kiache friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, ujue vitu viliyeyuka na kuganda tena ukiwa haupo. Kilichoyeyuka lakini bado kina chembe za barafu unaweza kukigandisha tena. Kilichofika joto la chumba na kukaa hivyo, hapana.

Na andika tarehe kwenye kila kopo. Miezi 3 ni mwisho mzuri.

Mizani

Dada, kwenye uandishi: usitafute saa ya kuandika, unganisha na kupima. Pishi la wiki liwe mojawapo ya vile vya Jumapili, ambavyo unapika hata usipoandika. Mizani ya jikoni iwe karibu na jiko, daftari pembeni (simu utaishika na mikono yenye mafuta, na ina ujumbe unaokuvuta), na kila kitu kiandikwe gramu zake *kabla* hakijaingia sufuriani. Baadaye hutakumbuka. Pima pia sufuria ikiwa tupu, ili mwisho ukipima tena ujue chakula kimetoka kiasi gani na kinalisha watu wangapi. Hilo waandishi wengi wa mapishi hawalisemi na ndilo msomaji analolihitaji akienda sokoni.

"Fungu moja la nyanya" si kipimo. Fungu la Kariakoo na la Tanga si sawa, na la Machi si la Agosti. "Kikombe" nacho, mwingine ana cha chai kidogo, mwingine cha nusu lita. Sema mililita 250, kijiko cha chakula 15, cha chai 5. Andika "vitunguu vikubwa 2, gramu 300": mwenye mizani anapima, asiye nayo anahesabu.

Dakika peke yake hazitoshi, kwa sababu msomaji mmoja ana gesi, mwingine mkaa. Andika dakika na dalili pamoja, kama Kombo alivyofanya hapo juu: mafuta yaelee, njia ya mwiko ibaki wazi. Hiyo ndiyo sentensi inayomwokoa mpishi.

Rosti ikiwa inachemka wazi dakika 45, una dakika 30 za mwanzo za kugeuza daftari kuwa aya. Dakika 15 za mwisho simama jikoni. Picha piga mchana, chakula kikiwa karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, taa ya dari izimwe kwa sababu huleta umanjano. Mboga za majani piga ndani ya dakika chache, zikipoa zinakuwa nyeusi. Mvuke ukifunika lenzi, subiri upungue, usipulize.

Kila pishi lipikwe mara 2 kabla hujalitoa, mara ya pili ukifuata maandishi yako tu. Hapo utagundua umesahau kutaja chumvi.

MamaWatatu

Nimeandika yote. La mwisho: chakula cha shule cha wakubwa wawili. Kinafika saa 7 mchana kimeshapoa.

Shangazi_Pangani

Hotpoti baridi ndiyo inayokula joto la chakula, mwanangu. Asubuhi mimina maji yanayochemka ndani, funga dakika 10, mwaga, ndipo utie chakula kinachotoa moshi, kijae mpaka karibu na juu. Nafasi tupu inapoza. Maharage yawe yamechemka kabisa, kupashwa juujuu hakutoshi. Wali upikwe alfajiri hiyo, vikombe 2, unatosha na chai ya asubuhi kwa anayependa wali. Mchicha usiupeleke, utafika umebadilika rangi. Mpe tunda.