Natafuta shekhe wa kunilea kiroho. Nipo Wete, naomba msaada

Binti Wete

Assalamu alaykum. Baba yangu alifariki Rajabu iliyopita, akaacha daftari la kijani. Ndani yake kaiandika Ratib al-Haddad, ule mkusanyo wa dhikri na dua, kwa mkono wake. Tangu nipo mdogo alikuwa akiisoma baada ya Isha, sisi watoto tunaitikia. Hata msimu wa karafuu, majamvi yamejaa uani na mikono yake inanuka makonyo, hakuiacha.

Sasa naisoma mwenyewe, lakini ulimi uko huku na moyo uko kule. Nina hasira nyingi. Nawafokea wanafunzi wangu skuli, nikirudi nyumbani nalia. Qur'ani nimekhitimu na miaka 11, Safina, kitabu cha fiqhi, nimeisoma chuoni, hukumu za sala nazijua. Ninachokosa ni mtu wa kunitazama akaniambia: hiki hapa ndicho kibri chako, anza hapa.

Nimeshajaribu mara mbili. Wa kwanza nilielekezwa na jirani. Sijakaa vizuri akaniuliza jina la mama yangu, akaniambia nina mtu wa baharini, nilete kuku mweusi na shilingi laki tatu. Niliinuka nikaondoka. Wa pili ni wa kundi la WhatsApp: unatuma pesa, unaletewa baia, yaani ahadi ya kumfuata shekhe, kwa sauti iliyorikodiwa pamoja na nyuradi, dhikri za kusoma kila siku, na sharti ni kutouliza suali. Nilituma elfu hamsini. Baada ya mwezi nikatakiwa nilipie "daraja ya pili".

Nauliza kwa moyo safi: shekhe wa kweli mtu humjua kwa alama gani? Na mimi mwanamke, niende wapi?

Mzee wa Ukutani

Waalaykumu salaam mwanangu. Mungu amrehemu baba yako.

Huyo wa kwanza ni mganga, na kilemba hakimtoi kwenye uganga. Wa pili ni mfanyabiashara. Na kwa kuwa umejitaja kuwa mwanamke, lishike hili: Bi Aisha kasimulia, na imo katika Bukhari, kwamba Mtume s.a.w. alipokea baia ya wanawake kwa maneno tu, mkono wake haukugusa mkono wa mwanamke asiye wake. Akitokea mtu akakwambia lete mkono, au tukae faragha nikupe siri, toka hapo hapo.

Mimi nilisoma Ukutani, mjini Unguja, kwenye chuo alichokiasisi Shekhe Abdallah Bakathir. Masheikh zetu walipenda kutukumbusha jambo moja. Shekhe Abdallah kazaliwa 1860, na Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyemshika kuwa shekhe wake, kazaliwa 1861. Mwanafunzi ndiye mkubwa. Naye alikuwa mwanachuoni tayari, watu wanamfuata, lakini akakaa chini ya mdogo wake kwa umri mpaka wote wawili wakaondoka duniani mwaka 1925. Na Sayyid Ahmad naye alikuwa na masheikh wake Hadhramaut, kule Yemen. Basi huyo unayemtaka muulize kapokea kwa nani. Mwenye ijaza, yaani ruhusa ya mwalimu wake ya kufundisha, hakasiriki akiulizwa, hufurahi, maana ndiyo nafasi yake ya kuwataja walimu wake na kuwaombea.

Halafu waulize majirani zake. Anadaiwa dukani halipi? Mkewe anaishi vipi? Ukiridhika, hudhuria darsa zake mwaka mzima kabla hujamwomba chochote.

Hilo daftari lina wenyewe. Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad alifariki Tarim mwaka 1720, na Ratib yake mpaka leo inasomwa Unguja na Pemba. Tafuta aliyekuwa akikaa na baba yako, umuulize nani alimpa ruhusa ya kuisoma. Mlango wako huenda ukawa huo.

Ustadhi Micheweni

Dada, pole kwa msiba na kwa hayo yaliyokupata. Mimi sina tarika, sifuati njia ya masufi, sitaki kukuficha. Naona Qur'ani na Sunna zinatosha. Ule msemo "asiye na shekhe, shekhe wake ni shetani" si hadithi, na wengi wanautumia kuwatisha watu. Kisa cha Nabii Musa na Khidhri, aliyemtaka Musa amfuate bila kumuuliza kitu, nacho wanakigeuza kufuli la mdomo: nyamaza, shekhe anajua usichokijua. Lakini kuhitaji mwalimu sikatai. Ibn Sirin, mwanachuoni wa zama za mwanzo, kasema elimu hii ni dini, basi tazameni mnaichukua kwa nani.

Mzee wa Ukutani

Ustadhi, kuhusu msemo huo nakubaliana nawe. Na hicho kisa wanakisoma nusu. Nabii Musa aliuliza mara tatu, na kabla ya kuachana Khidhri alimweleza yote matatu, jahazi, kijana na ukuta, kisha akasema hakufanya kwa amri yake mwenyewe. Iko Suratul Kahf, aya ya 82. Sasa huyo wa WhatsApp kaeleza nini?

Mama Chake

Mwanangu, mie nakujibu la wanawake. Hapa Chake tuna darsa kila Jumamosi baada ya Alasiri, nyumbani kwa bibi mmoja aliyesomeshwa na babake. Tunasoma Bidayatul Hidaya ya Imamu Ghazali. Inaanza na adabu za kuamka na kutawadha, baadaye inaingia kwenye dhambi za viungo: jicho, sikio, ulimi. Kwenye ulimi tulikaa miezi minne!

Nilipomwomba uradi, aliniuliza kama kuna mtu sisemi naye. Nikamwambia wifi yangu, mwaka wa tatu, ugomvi wa shamba. Akasema nenda kwake kwanza. Nilikwenda mara mbili akakataa kunifungulia, ya tatu akanifungulia. Uradi nilipewa wiki ile. Pesa hajawahi kuniomba, sisi ndio tunaochanga sukari na majani ya chai.

Binti Wete

Shikamoo Mzee, shikamoo mama. Ustadhi, ahsante, umesema nami kwa heshima. Rafiki wa baba yupo hai, yuko Konde, nitamfuata Ijumaa nikamuulize kuhusu ile ruhusa. Mama Chake, Jumamosi hii naweza kuja? Na daftari nije nalo?

Mama Chake

Marahaba mwanangu. Njoo, na daftari uje nalo. Panda gari ya mapema, nitakungoja kituoni nimevaa buibui na mtandio wa kijani.