Nyota wa filamu wakicheza sarakasi kwenye televisheni

Mkaazi wa Kisauni:
Asalaam aleikum, ndugu zangu. Marehemu baba alikuwa akitusimulia kipindi cha Marekani ambamo waigizaji mashuhuri walining'inia kwenye bembea za juu na kutembea juu ya kamba. Kiliitwaje, na je, waliyafanya hayo wenyewe?

Bibi wa Makadara:
Waaleikum salaam, mwanangu. Bila shaka alikusudia Circus of the Stars, kilichorushwa na kituo cha CBS kuanzia 1977 hadi 1994. Naam, walicheza wenyewe, baada ya kufundishwa na wanasarakasi wa kazi. Hata hivyo, Marekani haikuwa ya kwanza, kwani mjini Paris wasanii walianza onyesho la namna hiyo mwaka 1923 ili kuwachangia wenzao waliopatwa na shida, jambo ambalo kwangu lina heshima zaidi, na Ujerumani nayo ilikuwa na Stars in der Manege, kutoka Munich, tangu 1959.

Mwanasarakasi, Bamburi:
Shikamoo, bibi. Mimi hucheza kwenye mahoteli ya pwani hii, na katika piramidi ya watu nafasi yangu ni ya chini kabisa, mabegani nimebeba wenzangu. Mwigizaji aliyekubali kujifunza hata mchezo mmoja namheshimu, lakini ningependa sana jina la mwalimu wake nalo litangazwe, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha kuanguka bila kuumia.

Mkaazi wa Kisauni:
Ahsanteni sana. Leo usiku nitamsomea mama majibu haya.