Pampu imeharibika, abiria wanaambiwa "hali ya hewa". Hawa watu wa ndege kaskazini mwa Kanada wanatuona mazuzu?

Wakuu, nina hasira, naomba mnivumilie. Mods, msiuhamishie uzi huu jukwaa la utalii, sikwenda kutalii.

Mimi ni nesi, nachukua mikataba mifupi kwenye vijiji vya Wacree, wenyeji wa asili wa Kanada, pwani ya magharibi ya James Bay, Ontario. Kwa wasiopajua: treni kutoka Cochrane inaishia Moosonee. Ukitaka kupanda juu zaidi, Fort Albany, Kashechewan au Attawapiskat, barabara ya kudumu haipo. Kuna ya barafu tu, inafunguliwa baridi ikikolea na theluji ikianza kuyeyuka imekufa. Novemba kama hii boti zimeshapandishwa nchi kavu na barafu bado haijashika, kwa hiyo huna ujanja, ni ndege.

Ndege zenyewe ni mapangaboi, Dash 8, ukoo mmoja na zile Q400 za ATCL. Sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na kampuni, jina naliweka kapuni.

Tulishushwa uwanja wa katikati tubadilishe ndege, tukaambiwa dakika arobaini. Uwanja ni chumba kimoja: viti vya plastiki, mizani ya mizigo, choo, na mashine ya soda inayokula sarafu tu. Mgahawa hamna. Dakika arobaini zikawa mchana mzima. Kijana wa kaunta akafunga dirisha, na kila akichungulia wimbo ni uleule: hali ya hewa.

Hali ya hewa ipi? Nje kweupe, jua linapiga kwenye theluji mpaka macho yanauma. Nikampigia mwenzangu wa zamu kule niendako, akasema anga safi, upepo hakuna. Ndege ya mizigo ikatua, ikashusha katoni za maziwa na nepi, ikaruka kuelekea kulekule. Jioni fundi akaingia kunawa mikono, grisi mpaka kwenye viwiko, akatuambia bila hata kuulizwa kwamba wanasubiri pampu ya ndege kutoka mji wa Timmins. Pampu!

Sasa oneni mchezo ulivyo. Kanuni za kulinda abiria za Kanada, za 2019, zinagawa ucheleweshaji mafungu matatu. Kosa likiwa la kampuni, inakulipa fidia na kukuhudumia. Ukiwa ni ubovu unaogusa usalama, fidia huna, ila baada ya saa mbili wakupe chakula, na mkilala wawatafutie hoteli. Ikiwa hali ya hewa, hawana deni la hata kikombe cha chai, kazi yao ni kukufikisha tu. Kwa hiyo ukiibatiza pampu mbovu jina la hali ya hewa, umeokoa chakula cha chumba kizima.

Na hata ukishinda, tazama bei. Kampuni kubwa, yenye abiria milioni 2 na zaidi kwa mwaka, inalipa dola za Kanada 400 ukichelewa kufika kwa saa 3, 700 kwa saa 6, na 1,000 kuanzia saa 9. Kampuni ndogo ni 125, 250 na 500. Nyingi za huku ziko kundi hilo la pili. Yaani mtu wa Toronto, mwenye basi, treni na ndege nyingine jioni hiyohiyo, usumbufu wake una thamani kuliko wa mtu asiye na njia nyingine ya kufika nyumbani. Mtaniambia kampuni ndogo haina mtaji. Sawa, mbona nauli zao si nusu?

Mimi nina mkataba, nitalipwa. Wengi mle ndani walikuwa Wacree wanaorudi kutoka hospitali. Kulikuwa na bibi kafungwa bendeji gotini, mguu umevimba, kaunyoosha juu ya begi lake. Ndiye aliyetulisha. Alitoa mkate wao wa bannock na nyama ya bata bukini ya kukaushwa kwa moshi, akaumega vipande, akaanza na mimi kwa sababu ni mgeni. Nikamuuliza kama amewahi kuwashtaki. Akacheka, akasema wao wamezoea. Kampuni nayo inajua wamezoea, ndiyo maana yule kijana hakuona hata haja ya kutunga uongo wenye akili.

Tuliondoka usiku. Dai nimeshatuma, wana siku 30 za kujibu, wakikaa kimya napeleka kwa Canadian Transportation Agency, mamlaka ya usafiri ya Kanada.

Waliofanya kazi Nunavut, Labrador au kaskazini mwa Manitoba: kuna aliyewahi kuivunja hoja ya "hali ya hewa"? Ulitumia ushahidi gani? Nina picha za anga zenye saa, na mwenzangu wa zamu yuko tayari kuandika. Fundi simtaji, sitaki kumponza.

Na nyie wa "si uko majuu, unalialia nini", leo msinijaribu.