Mzazi anaamka na kichwa kila asubuhi, kipimo cha kidoleni kinasoma 98. Jiko la mkaa liko chumbani

Kibena_22: Wakuu, naombeni ushauri. Mzazi wa wiki mbili analala na kichanga, na jiko la mkaa huingizwa chumbani kwa sababu ya baridi. Linaingia mkaa ukishakolea, hauna moshi. Asubuhi kichwa kinamgonga na kichefuchefu, mchana anapata nafuu. Oksijeni inasoma 98. Tuanzie wapi?

Zamu_ya_Usiku: Toeni jiko sasa hivi. Mama na mtoto wote waende hospitali leo, hata kama mama yuko nafuu, na jiko la mkaa litajwe mapema kabla hajaandikiwa dawa ya malaria. Hiyo 98 isiwatulize: kifaa humulika damu kwa taa, na himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) iliyobeba kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya mkaa, hukionekania kama iliyobeba oksijeni. Kipimo cha kweli ni cha damu, ko-oksimetria. Kisipokuwepo, oksijeni isisubiri.

Pumzi_Safi: Naongeza kinachotokea ndani. Ukuta kati ya kifuko cha hewa cha pafu na damu ni mwembamba kuliko sehemu ya elfu ya milimita. Oksijeni hupenya kwa sababu kanieneo yake, yaani msukumo wake, upande wa hewa ni kama 100 mmHg (kizio cha msukumo), na kwenye damu inayorudi ni 40. Kaboni dioksidi hutoka kwa njia hiyohiyo. Chembe nyekundu hupita hapo chini ya sekunde moja, na muda huo unatosha. Kwa hiyo mapafu ya huyo mama huenda ni mazima kabisa. Kilichotekwa ni himoglobini: kaboni monoksidi huing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hata oksijeni iliyobaki inakuwa ngumu kuachiliwa kwenye ubongo na moyo. Kichanga hupumua haraka, hivyo huathirika mapema.

Kibena_22: Asante sana. Dirisha likiachwa wazi kidogo je?

Zamu_ya_Usiku: Hapana, ndugu yangu. Moshi kuisha si gesi kuisha, na gesi hii haina harufu. Mtoto avishwe kofia na soksi, alale kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi wakati mama yuko macho, blanketi juu yao.

Pumzi_Safi: Na msingoje kesho. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kutoka kwenye damu. Kwa maski yenye mfuko, oksijeni lita 15 kwa dakika kwa mtu mzima, ni kama saa moja na nusu.